Zulia Si Sakafu

Juzi tumemzika kaka yangu Bakari, na kilichonikera kuliko vyote kwenye msiba wake ni baridi ya chumba cha chini. Nasema kilichonikera kwa sababu huzuni ilikuwa haijanifikia bado. Mimi huzuni hunijia kwa kuchelewa, hasira ndiyo hutangulia. Wanawake tuliwekwa kule chini ya nyumba yake, besimenti kama wanavyoita wenyewe, kwenye chumba cha marumaru nyekundu, na ingawa majani ya miti yalikuwa hayajaisha kupukutika, miguu iliganda. Salma, bintiye Bakari, mtu mzima sasa mwenye watoto wake, akaja kuniinamia sikioni. Aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote ila ulimi wake hukigomea: shangazi, kwa nini baba hakuwahi kuwasha joto la sakafu hii? Mabomba yamo, fundi amekuja kuyaangalia akasema ni mazima, lakini tangu apate akili hajayaona yakiwashwa, na baba akiulizwa alikuwa anainuka na kutoka. Nikamwambia aniletee chai kwanza. Chai ikaja, nikainywa, na sikumjibu.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa kaka hapa Richmond Hill, huku ughaibuni, asubuhi nafungasha mikate kiwandani na jioni nasoma. Habari za ukoo wetu, nani kamzaa nani, naziruka. Wanaozijua wanazijua, na wasiozijua hawajapungukiwa na kitu. Inatosha kusema kwamba Mama aliletwa kutoka Tanga mwishoni mwa kiangazi kwa ajili ya moyo, na daktari, baada ya vipimo vyake vyote, akasema anaweza kumsaidia, ila mgonjwa abaki karibu naye mwaka mzima bila kukatiza dawa. Akirudi kwao kabla ya hapo, yeye haahidi kitu. Kaka alituambia maneno hayo jikoni, mimi na mkewe, wifi yangu Saida. Alikuwa amesimama mlangoni na funguo za lori mkononi, safari ya Winnipeg inamsubiri. "Sasa sikilizeni," akasema. "Dawa ni kazi ya daktari. Kazi yetu sisi ni moja tu, Mama asitake kuondoka." Kisha akaenda zake, akatuachia hiyo kazi.

Na Mama alitaka kuondoka tangu wiki ya kwanza. Hakulalamika, angelalamika tungejua pa kuanzia. Alikaa kwenye kochi la sebuleni amevaa koti juu ya kanga, soksi mbilimbili, mkoba mapajani, kama mtu yuko stesheni anangoja treni. Mama hakuwa mtu wa viti. Kula, kuchagua mchele, kusuka watu nywele, kusengenya, vyote maisha yake alivifanya chini, miguu kainyoosha. Nyumbani Tanga sakafu yetu ilikuwa ya saruji nyekundu, akiisugua mwenyewe kwa kumbi la nazi mpaka inateleza, na mchana wa jua kali sisi watoto tulikuwa tunalala juu yake kifudifudi, shavu chini, tukigombania pale karibu na mlango ambapo palikuwa na ubaridi mtamu. Hapa Richmond Hill tulimtandikia mkeka sebuleni, tukamwekea sinia la wali na samaki wa nazi. Akaketi, akala matonge mawili matatu, akaanza kuinua paja hili, mara paja lile. "Sakafu ya kwenu inauma," akasema. "Nirudisheni juu." Juu ya kochi akawa hali. Chakula cha mezani, alisema, kinamkwama kifuani, na moyo wenyewe ndio huo. Nikala mimi ule wali, umepoa, naula kwa hasira, sijui namkasirikia nani.

Vuli ile mvua ikaingia chini ya nyumba, sakafu ya besimenti ikapasuka, ikabidi ivunjwe yote. Fundi alikuwa mzee wa Kitaliano mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Akamwambia kaka kwamba maadamu saruji inamwagwa upya, anaweza kuzika ndani yake mabomba membamba ya maji ya moto, na sakafu yenyewe itatoa joto kutoka chini. Kaka akamwomba arudie. Jioni akaja chumbani kwangu, akaketi ukingoni mwa kitanda, kitu ambacho hakuwa na desturi nacho. "Zuhura, sakafu ya moto. Umesikia hiyo? Mama akae chini, anyooshe miguu, ale." Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake, na sijaiona tena. Mabomba yalipokuwa yanatandazwa, yamejizungushazungusha chumba kizima, Mama alishikwa mkono akashuka ngazi mbili tatu kutazama. "Bakari, sasa unafuga nyoka," akasema, akacheka. Hicho ndicho kicheko chake cha kwanza katika nchi hii.

Ikabaki kuamua juu ya saruji patandikwe nini, na hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Saida alitaka kapeti laini la rangi ya maziwa, ukuta hadi ukuta. Kaka alitaka mbao, kwa sababu aliona mbao nyumbani kwa bwana mmoja tajiri na hakupata kuzisahau. Nyumba za huku hupashwa joto kwa hewa inayopita kwenye matundu ya ukutani, na matundu hayo husafirisha maneno vizuri kuliko yanavyosafirisha joto. Nikilala nilikuwa nawasikia kama wako kitandani kwangu. "Mama mgonjwa umtandikie mbao?" Saida anasema. "Watu watasema nini?" Naye kaka, "Watasema hasikii baridi." Halafu Saida tena, sauti ya chini, "Mimi nataka akae, Bakari. Usinifanye kama sitaki." Saida alikuwa mkweli. Alimwogesha Mama kwa mikono yake, tena baada ya kutwa nzima ya kuogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kulelea alikokuwa akifanya kazi.

Tukaenda dukani sote wanne, Jumamosi moja. Muuzaji alikuwa mama mrefu, miwani imening'inia shingoni, mvumilivu kupita kiasi, mimi ningetufukuza. Alitueleza na mimi nikamtafsiria Mama. Mbao inawezekana, ikiwa nyembamba na kavu, ila joto huichezesha. Kapeti ni blanketi, joto litabaki chini yake. Marumaru hupitisha joto upesi kuliko vyote. Chochote mtakachoweka juu ya joto kitalizuia kidogo, alisema, swali ni kidogo kiasi gani. Kaka na Saida wakaanza kubishana tena, pale pale mbele yake. Mama akanivuta mkono. "Nivue viatu," akasema. "Mama, dukani?" "Wanaobishana wana viatu. Sakafu inajulikana kwa mguu." Nikamvua viatu na soksi zote mbilimbili, nikamshika kwapani, tukaanza kupita kwenye sampuli zilizopangwa chini. Mbao: "Hii ni meza." Kapeti la Saida: "Hili godoro, nitasinzia." Kipande cha zile sakafu za plastiki: "Hii imekufa." Tukafika kwenye marumaru nyekundu iliyoiva, isiyong'aa sana. Akasimama. Vidole vya miguu vikawa vinachezacheza. Muuzaji akawahi kusema kwamba sasa ni ya baridi kwa sababu chini yake hakuna mabomba. "Mwambie hata ya kwetu ilikuwa ya baridi," Mama akasema. "Ndiyo maana tuliipenda." Kaka alikuwa ameacha kubishana. Aligeuka akatazama ukuta wa mapazia kwa muda, kisha akaenda kulipa.

Nataka niseme wazi kwamba tulichagua vizuri, maana mtu akisikia mwisho wake atadhani tulikosea dukani. Marumaru iliwekwa, boila, mtambo wa kuchemsha maji, ikawashwa, na Mama akahamia chini. Asubuhi ya kwanza nilimkuta ameketi katikati ya chumba, hana koti, hana soksi, miguu kainyoosha, anachagua mchele kwenye sinia huku nje theluji imefunika vioo vya madirisha. Alikula. Alidai kisamvu, alidai papa mkavu, alimtukana mwenye duka la Thorncliffe kwa kumuuzia bamia zilizokomaa. Akawa anakanda unga wa maandazi, anauweka chini kwenye bakuli, anaufunika kanga, na kabla hujamaliza kuosha vyombo unga umeumuka hadi unainua kanga. "Sakafu hii ina akili," alisema. Na siku moja nikamsikia kwenye simu, anapiga kelele kama kawaida ya mtu aongeaye na Tanga, anamwambia mdogo wake: "Nimeghairi, Mwajuma! Namaliza dawa! Nitakuja mwakani!" Kaka alikuwa njiani kutoka Sudbury. Alipopiga simu nikampa habari hiyo, akaniomba nirudie neno kwa neno.

Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi wageni wakaja. Walikuja kwa mapenzi, na Mungu ni shahidi sina neno baya nao, lakini natamani theluji ingewafungia makwao. Wa kwanza alikuwa Mama Shirin, Mwismailia wa Dar, rafiki wa Saida, mwenye Kiswahili cha Kariakoo safi kuliko changu. Akafika mlangoni mwa kile chumba, akashika shavu. "Ya Ali. Bi Mkubwa amekaa chini patupu?" Mama akacheka, akamwambia aje aone joto lake. Mama Shirin akaketi, akasema kweli ni joto, lakini macho yake hayakutulia. Jumapili iliyofuata akarudi na mwanawe wamebeba zulia zito la sufu, lililokuwa sebuleni kwa mamake enzi za Upanga, wakalisafirisha na kulihifadhi miaka yote. Kitu kama hicho unakikataaje? Tukalikunjua. Likawa linateleza juu ya marumaru, na Saida, akiogopa Mama asianguke, akanunua sponji nene akalitandika chini yake. Kisha akaja Mama Josee, Mkongo wa Bukavu anayekaa Lawrence Heights, aliyekuwa akifanya kazi na Saida. "Mama, hapana kuikala chini vile. Baridi ya huku iko mubaya sana, itakuingia mu mifupa." Wanawake wa kanisani kwake wakachangishana, Waislamu sisi, wala hawatujui, wakatuletea kapeti kubwa la manyoya lililojaza sehemu yote iliyobaki, hadi kwenye kuta. Mama alilia aliposikia lilivyopatikana. Juu yake tukatandika majamvi, juu ya majamvi godoro lake na mito ya wageni.

Saida ndiye aliyeuliza. Nilimsikia kupitia tundu la ukuta. "Yule mama wa dukani si alisema tusitandike kitu?" Na kaka, amechoka, anavua viatu, nasikia kimoja kinaanguka: "Alisema habari za kujengea. Zulia si sakafu, Saida. Zulia ni heshima. Unalikunjua, unalikunja." Nikasikia Saida anazima taa, nami nikageuka ubavu wa pili nikalala, kwa sababu jibu lilikuwa na maana kabisa. Kwetu sakafu ni kilichojengwa. Zulia ni neno unalomwambia mgeni, nani hulihesabu? Vuli nzima tulikuwa tumegombania sakafu, na sakafu ilikuwa palepale, nyekundu, nzuri, imekaa chini ya heshima za watu.

Baridi ilirudi kidogo kidogo. Kwanza soksi moja, kisha mbili. Kisha koti. Tulidhani ni kwa sababu majira yenyewe yamekaza. Nje pumzi ilikuwa inaganda kwenye mitandio yetu. Unga wa maandazi ukakataa kuumuka, Mama akailaumu hamira ya huku. Kaka akirudi safari anakimbilia kile kidude cha ukutani anapandisha joto, anagusa hewa kwa mkono, anapandisha tena. Akamwita Mtaliano. Mzee akaja, akafungua kabati la mitambo lililo kwenye korido, akagusa bomba la maji yanayokwenda na bomba la yanayorudi, akasema yanakwenda ya moto na yanarudi ya moto, hakuna kilichoharibika. Akataka kuona chumba. Kaka akamwomba radhi. Kulikuwa na wanawake wamekaa ndani na Mama, wamevua mitandio, na mwanamume mgeni hapitishwi penye wanawake. Mtaliano akapandisha mabega, akaenda zake. Kama angepiga hatua sita mbele, angeona. Basi, hakupiga.

Siku iliyoamua mambo tulikuwa jikoni, kaka, Saida na mimi, tunakula maharage. Chini Mama Shirin alikuwa amekuja kumkanda Mama miguu, na sauti zao zikapanda kwenye tundu lililo karibu na jiko. "Nikwambie kitu, Shirin," Mama akasema. "Mwanangu amewasha moto chini yangu. Moto kweli kweli, mwanzo niliusikia kwa makalio haya. Sasa siusikii. Moto upo, ila mwili wangu hauupokei tena." Mama Shirin akamwambia asiseme hivyo. "Nisiseme kwa nini? Mtu aliyewekwa juu ya moto na bado anatetemeka, huyo ana safari. Nataka nikafie kwetu, nisimwachie Bakari taabu ya kunizika kwenye barafu." Kaka aliweka kijiko chini taratibu. Saida akamshika mkono, kaka akautoa. 

Daktari alimbembeleza, kaka alimpigia magoti, Saida alilia. Mama alikuwa ameshajua anachokijua. Uwanja wa ndege, kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa mablanketi, alimshika kaka kidevu kama mtoto. "Umejitahidi, baba," akamwambia. "Si wewe. Ni mimi nimekwisha." Kaka akaitikia kwa kichwa. Tuliporudi nyumbani akatukataza kugusa chumba kile. Moto usizimwe, mazulia yasikunjwe, kila kitu kiwe kama alivyokiacha, kwa sababu kiangazi kikija atarudi. Alikuwa peke yake anayeamini hivyo, au alikuwa anatulazimisha tuamini kwa niaba yake.

Simu ya mama mdogo Mwajuma ilikuja kabla theluji haijaisha kwenye pembe za ua. Moyo ulisimama mchana, baada ya chakula. Alikuwa amekataa kitanda, alisema mama mdogo, alitaka alazwe chini kwenye saruji, kifudifudi, shavu sakafuni, na akasema hapo sasa ndipo. Tukapanga kufanya kisomo nyumbani kwa kaka. Sebule ya juu ndiyo kubwa, kwa hiyo Saida na mimi tukashuka kuchukua mazulia tukayatandike huko. Tukatoa godoro, mito, majamvi. Tukashika kapeti la wanawake wa Lawrence Heights, Saida pembe moja na mimi nyingine, tukalikunja kurudi nyuma, na joto likatupiga usoni. Saida aliachia pembe yake. Nikapiga magoti nikaweka kiganja kwenye marumaru, nikakiondoa haraka kwa jinsi ilivyokuwa inaunguza. Tukatoa la Mama Shirin, tukatoa sponji. Upande wake wa chini ulikuwa umepinda na kugeuka rangi kwa moto.  Saida alikaa kwenye ngazi, akajifunika mtandio usoni, akawa anatikisika bila sauti.

Kaka akashuka kuuliza mazulia yako wapi, watu wameanza kufika. Alikuwa pekupeku. Alikanyaga marumaru hatua moja, akasimama. Akatazama mazulia yaliyoviringishwa ukutani, akatutazama sisi, na nikaona jinsi jambo lenyewe linavyomfikia, pole pole, kutoka chini kwenda juu. Akapiga magoti. Kisha akalala, mwanamume wa miraba minne na kanzu yake ya msibani, kifudifudi, shavu sakafuni, kama zamani karibu na mlango wa Tanga. Nikamwambia, "Kaka, utaungua."  Juu walikuwa wameshaanza kusoma. Alipoinuka, upande mmoja wa uso wake ulikuwa mwekundu. Akaenda kwenye kabati la mitambo, nikasikia mlango wake wa bati unafunguliwa, nikasikia kifungo kinazimwa. Mabomba yalilia kidogo chini ya miguu yetu, yakanyamaza. Niliketi pale mpaka marumaru zote zikapoa, na haikuwa upesi. Saruji hukaa na moto wake muda mrefu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kinywani juzi, kikombe cha chai mkononi, wanawake wanakunjua mazulia kunizunguka, wananivuta niinuke nisikae patupu. Salma alirudi kuchukua kikombe, akauliza tena, safari hii kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, akijitahidi kwa ajili yangu. Ana macho ya baba yake. Nikamwambia baba yake alikuwa hapendi joto. Akaniletea soksi.